Mashine yangu imezimwa, na moto tulioungoja haujawaka

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 43. Ni mwanafizikia, nimeolewa, nina binti wa miaka tisa. Naandika usiku wenzangu wakiwa wamelala, kwa sababu zimebaki wiki sita nitoe jibu la kazi, na kila nikikaa na mume wangu tulizungumze tunaishia kunyamaziana.

Kazi yangu ni fyusheni: kuunganisha viini vyepesi vya atomu ili vitoe nishati, kama jua linavyofanya. Jua lina uzito wake wa kuvibana viini hivyo. Sisi hatuna uzito huo, kwa hiyo tunatumia sumaku. Hidrojeni nzito inapashwa joto mpaka inakuwa plazma, yaani gesi ambayo elektroni zimeachana na viini, na uga wa sumaku unaishikilia ielee ndani ya chombo chenye umbo la pete, isiguse ukuta. Chombo hicho kinaitwa tokamaki. Mimi sijengi tokamaki, mimi ni mpimaji. Napitisha mwale wa leza ndani ya plazma, nakusanya ule mwanga kidogo unaotawanywa na elektroni, na kwa mwanga huo nasoma joto. Nimefanya hivyo miaka 14 tangu nimalize uzamivu, kwa mikataba mitano, katika nchi tatu.

Natamani uone nilichokuwa nakiona. Chumba cha udhibiti kina watu kama thelathini, kila mtu na skrini zake. Mmoja anahesabu kwa kipaza sauti kurudi nyuma. Akifika sifuri unasikia mitambo ya umeme ikitetemesha sakafu, na kwenye skrini ya kamera unajitokeza ukingo mwembamba wa rangi ya waridi umezunguka giza. Wageni hudhani lile giza la katikati ni patupu. Kumbe pale ndipo penye joto kuliko kwingine kote, makumi ya mamilioni ya digrii, joto lililopita kiwango cha kuonekana kwa macho. Huo waridi ni pembeni tu, kwenye ubaridi. Sekunde sita, kisha kimya. Tunasubiri kama robo saa, tunapiga tena. Nimeiona mipigo zaidi ya elfu tisa na sikuwahi kuzoea.

Mwaka jana mashine yetu ilizimwa. Tulipata taarifa miezi minne kabla, kwa barua pepe ya aya mbili. Kwa siku ya mwisho nilikuwa nimeomba mipigo kumi na miwili ya vipimo vyangu. Asubuhi pampu moja ikaharibika, tukapata mitatu. Basi, ikaishia hapo.

Profesa aliyenilea katika fani hii alianza kazi mwaka 1983, mwaka ambao JET, ile tokamaki kubwa ya Ulaya iliyokuwa Culham, Uingereza, iliwasha plazma yake ya kwanza. Alifariki miaka miwili iliyopita. Siku anastaafu alinipa kigae cha grafiti, kile tunachobandika ndani ya chombo kulinda ukuta. Ni cha akiba, hakikuwahi kuingia kwenye mashine. Akaniambia, "Mimi sitaiona. Wewe utaiona." Kiko juu ya meza yangu hapa ninapoandika.

Sasa nina njia tatu. Ya kwanza ni kampuni binafsi inayojenga tokamaki ndogo yenye sumaku kali za kizazi kipya. Wananipa ajira ya kudumu na mshahara karibu mara mbili ya niliokuwa nao, na wanasema watatoa umeme ndani ya miaka kumi. Lakini iko ng'ambo ya bahari, na nitatia saini kwamba sitazungumza wala kuchapisha kazi yangu bila ruhusa. Ya pili ni mkataba wa miaka miwili kwenye taasisi ya umma, kuandaa vifaa vya kupimia vya ITER, ile mashine ya mataifa mengi inayojengwa kusini mwa Ufaransa. Wenyewe wametangaza kwamba mafuta halisi, deuteriamu na tritiamu, aina mbili za hidrojeni nzito, yataingia mwaka 2039. Nitakuwa na miaka 57, kama bado watakuwa wananihitaji. Ya tatu ni kiwanda cha mashine za kupiga picha za ndani ya mwili hospitalini. Kipo mji huu tunaoishi. Hesabu zake nazijua.

Mume wangu ameshanifuata mara mbili, na mara zote mbili alianza kazi upya kutoka chini. Safari hii amesema neno moja tu: "Tukae." Binti yetu naye aliposikia tunazungumzia kuhama aliniuliza, "Mama, safari hii tunahamia lugha gani?" Nilijifanya sikusikia.

Nimeanza kufungasha ofisi. Vitu vingi ni vya kutupa. Kuna madaftari manne ya marekebisho ya vipimo, kwa sababu dirisha la kioo tulilokuwa tunatazamia plazma lilikuwa likishika utando kila msimu, na mimi ndiye niliyekuwa naandika limepoteza mwanga kiasi gani. Nilipouliza niyapeleke wapi nikaelekezwa kwenye kasha la taka za karatasi. Nimeyaweka kando ya kasha.

Watu wa familia wanaona fahari, lakini hawajui. Ilipotangazwa Desemba 2022 kwamba maabara ya Livermore, Marekani, imepata nishati nyingi kuliko ya leza iliyopigwa kwenye shabaha yenye kidonge cha mafuta, mama mkwe alinipigia simu kunipongeza. Ile ni njia nyingine kabisa, haina sumaku. Nilimshukuru, sikumweleza. Wengine wanarudia ule msemo kwamba fyusheni iko miaka thelathini mbele na itabaki hapo siku zote. Zamani nilikuwa najibu kwa takwimu. Siku hizi nakaa kimya, kwa sababu nimeanza kuogopa kwamba wana haki.

Shangazi, nimeyamaliza maisha yangu kwenye kitu ambacho sitakiona? Na kama siyo, niende wapi?

Ni mimi,
Mpimaji

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijaanza kujibu barua nilifundisha fizikia sekondari kwa miaka mingi. Kila mwaka ilifika siku ya kuchora jua ubaoni na kuwaeleza vijana kwamba binadamu wanajaribu kuliwasha jua dogo ndani ya pete ya sumaku. Kengele ikilia nafuta ubao, naenda darasa lingine. Barua yako nimeisoma mara nne, kwa sababu imetoka kwa mtu aliyekwenda kuishi ndani ya kile nilichokuwa nakifuta. Asante kwa ule ukingo wa waridi. Sikuwahi kujua kwamba giza la katikati ndiyo sehemu yenye moto.

Nikueleze nilivyoielewa, na nikikosea unisahihishe. Mashine uliyoifanyia kazi imezimwa kwa namna iliyokuumiza, na hata siku ya kuiaga haikukamilika. Aliyekufundisha amekufa akikuachia maneno mazito. Una miaka 43, na kila njia iliyo mbele yako inakutaka utoe kitu: ya kwanza sauti yako ya kisayansi, ya pili uhakika wa maisha, ya tatu fani yenyewe. Nyumbani kuna mtu aliyechoka kuhama, na mtoto aliyezoea kwamba nchi hubadilika pamoja na lugha. Juu ya yote hayo limekaa swali la kama miaka 14 imekwenda bure. Mimi naona hilo la mwisho ndilo linaloyafanya mengine yawe magumu hivi, kwa hiyo niruhusu nianze nalo.

Unasema "kitu ambacho sitakiona". Kitu gani hasa? Nakuuliza kwa sababu profesa wako naye alisema hataiona, lakini alikuwa hai Novemba 1991 JET ilipochanganya deuteriamu na tritiamu kwa mara ya kwanza. Alikuwa hai mwaka 1997 ilipofikisha megawati 16. Alikuwa hai Desemba 2021, mashine ile ile ikiwa imebadilishiwa ukuta, ilipotoa megajuli 59 ndani ya sekunde tano. Moto wenyewe aliuona. Nadhani alichojua kwamba hatakiona ni kituo cha umeme, taa iliyowashwa na jua la kutengenezwa. Je, na wewe hicho ndicho ulichokifuata ulipoanza? Au ulifuata ule mwanga kidogo unaotawanywa, na furaha ya kuusoma? Inawezekana ni vyote viwili. Ila uzito wake hautakuwa sawa moyoni mwako, na barua yako inanionyesha kwamba hivi karibuni umejipima kwa kimoja tu.

Halafu unajiita mpimaji kama vile ni kazi ya pembeni. Nikurudishe kwenye historia ya fani yako, ambayo bila shaka unaijua kuliko mimi, lakini mtu aliyechoka husahau anachokijua. Mwaka 1968 Warusi walitangaza kwenye mkutano wa Novosibirsk kwamba tokamaki yao, T-3, imefikia joto ambalo watafiti wengi wa Magharibi hawakulisadiki. Mwaka uliofuata kikundi cha Waingereza kutoka Culham kilifunga safari kwenda Moscow, katikati ya Vita Baridi, kikabeba leza. Wakafanya unachofanya wewe: wakapitisha mwale, wakakusanya mwanga, wakasoma joto. Warusi walikuwa wamesema kweli. Baada ya hapo maabara duniani kote zikageukia tokamaki, na maabara ya Princeton, Marekani, wakaibadilisha stelareta yao, mashine ya sumaku ya muundo mwingine, kuwa tokamaki mwaka 1970. Wale Waingereza hawakujenga ile mashine wala hawakuiwasha wao. Walipima tu, na kwa kupima kwao fani nzima ikageuka njia.

Na stelareta iliyoachwa haikufa. Desemba 2015 stelareta ya Wendelstein 7-X iliwaka pale Greifswald, Ujerumani, imejengwa kwa hesabu ambazo watu wa 1970 hawakuwa na kompyuta za kuzifanya. Siwezi kukuahidi kwamba na mashine yako itarudi. Ninachokuomba ni usiwe mwepesi kuhukumu nini kimepotea. Hata ile hali ya plazma kutulia ghafla na kuhifadhi joto vizuri zaidi, ambayo ITER imeipigia hesabu zake, haikuwa kwenye ratiba ya mtu. Fritz Wagner na wenzake waliikuta kwenye tokamaki ya ASDEX, Garching, Ujerumani, mwaka 1982, wakiendelea na majaribio yao.

Nilitaka pia kukutajia ile tokamaki ya chuo cha MIT, Marekani, Alcator C-Mod, ambayo siku yake ya mwisho ya kazi, Septemba 2016, ndiyo iliyovunja rekodi ya shinikizo la plazma, zaidi kidogo ya angahewa mbili. Nikasita, kwa sababu siku yako ya mwisho iliharibiwa na pampu. Sitaki ujipime na siku ya wengine. Ila ningependa ujiruhusu kuisikitikia siku hiyo. Umeiandika kwa sentensi tano fupi ukaipita. Mtu aliyefanya kazi miaka 14, akaomba mipigo kumi na miwili akapewa mitatu, ana haki ya kulia. Sijaona kwenye barua yako mahali ulipolia.

Sasa tuje kwenye njia zako. Nitazungumza nawe kama mtu aliye nje ya fani, na wewe uchuje.

Kuhusu kampuni, umeniandikia mshahara, umbali, na kufungwa mdomo. Hukuniandikia hata neno moja kuhusu plazma yao. Utakaa wapi siku ya kupiga mpigo? Utapima nini ambacho hakijapimwa? Kama ulishawauliza, sikuona. Kama hukuwauliza, waulize kabla ya kitu kingine chochote. Hoja yao ya sumaku kali ni ya kweli kifizikia: mambo mengine yakibaki sawa, uga ukiwa maradufu, nguvu inayoweza kupatikana katika ujazo ule ule hupanda mara kumi na sita, ndiyo maana mashine inaweza kuwa ndogo. Mwaka 2021 kampuni ya Commonwealth Fusion Systems pamoja na MIT walijaribu sumaku kubwa ya aina hiyo ikafika tesla 20, tesla ikiwa kipimo cha ukali wa uga. Kwa hiyo hao unaowafikiria si lazima wawe wauza ndoto.

Lakini uga haumalizi kazi yote. Nyutroni, ile chembe isiyo na chaji inayotoka kwenye muungano wa deuteriamu na tritiamu, haishikwi na sumaku. Inapita, inagonga ukuta, na ukuta lazima uvumilie miaka. Tritiamu nayo hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kitu, kwa hiyo kituo cha umeme kitalazimika kujitengenezea yake kutokana na lithiamu, na hakuna mashine iliyowahi kuendesha mzunguko huo wote kwa ukamilifu. Wakikwambia miaka kumi, waulize wamezihesabu vipi hizo mbili. Uliza pia jambo linalokuhusu wewe moja kwa moja. Mashine ya kwanza huwa na wapimaji wengi, kwa sababu kila kitu ni kipya. Kituo cha kuuza umeme hakitakuwa na nafasi ya madirisha mengi wala watu wengi wa kuyatazamia. Ajira ya kudumu ya mpimaji inadumu mpaka wapi?

Kuhusu kunyamazishwa, nisingependa uamue kabla hujasoma mkataba pamoja na mwanasheria. Kampuni hazifanani. Hao hao Commonwealth Fusion Systems na washirika wao walichapisha mwaka 2020 makala saba za misingi ya fizikia ya mashine yao kwenye jarida la kisayansi, mtu yeyote azisome na kuzikosoa. "Bila ruhusa" inaweza kuwa mlango uliofungwa, au mlango unaofunguliwa ukibisha hodi. Omba wakuonyeshe ni makala ngapi wafanyakazi wao wamechapisha tangu waanze. Jibu la hapo litakueleza mengi kuliko kifungu cha mkataba.

Kwenye njia ya pili nahisi umefanya kosa la upole, la kudhani kwamba fedha za umma ndizo imara na za kampuni ndizo za mashaka. Livermore hao hao waliopongezwa na mama mkwe wako, mwaka 1986 walikamilisha mashine kubwa ya sumaku iliyogharimu dola milioni 372, ikazinduliwa, na haikufanya jaribio hata moja kwa sababu bajeti ilikatwa. Mwaka 2008 stelareta iliyokuwa inajengwa Princeton ilifutwa sehemu zake nyingi zikiwa zimeshatengenezwa. ITER ni kubwa mno na imefungwa na mkataba wa mataifa uliosainiwa 2006, kwa hiyo si rahisi iishe hivyo. Lakini tarehe zake zimesogea zaidi ya mara moja, na mkataba wako wewe ni wa miaka miwili tu. Ukiisha utakuwa na 45, na huenda ukaniandikia barua hii tena, binti akiwa na 11. Hiyo ndiyo hatari yake halisi. Mwaka 2039 si tatizo lako la leo.

Tena, kazi unayopewa huko haisubiri 2039. Kifaa cha kupimia kinabuniwa na kujaribiwa miaka mingi kabla ya tritiamu, na ITER yenyewe imepanga kuanza utafiti 2034 bila tritiamu. Kwa hiyo usijihesabie kama mtu atakayekaa kituoni miaka kumi na minne akingoja basi. Jiulize kama kutengeneza kitu ambacho pengine mtu mwingine ndiye atakayekitumia kunakutosha. Kuna wanaotoshwa nako kabisa. Wengine nafsi inadhoofika, na hakuna ubaya kulikiri hilo.

Ya tatu umeipa sentensi tatu fupi, kama mtu anayetaja ugonjwa. Hapo nilisimama. Mashine za hospitali nazo zina sumaku kali zilizopoozwa, nazo zinajenga picha ya ndani kutokana na ishara zinazotoka nje, na wewe mwenyewe umekiri kwamba hesabu zake unazijua. Kuna mgonjwa atakayelala ndani ya kitu ulichokipima wewe. Sisemi uende. Ila uichunguze kwa heshima ile ile uliyoipa kampuni, usiifanye adhabu. Nina wasiwasi kwamba ukiichagua kwa moyo huo, mume wako ndiye atakayekuwa amekunyima jua, na ninyi wawili mtaishi na jambo hilo mezani kila siku. Na ukiikataa bila kuitazama, yeye ataona kwamba alilosema halikupimwa. Wewe ni mpimaji. Lipime.

Mume wako alisema "Tukae". Umeliandika kama hukumu. Ulimuuliza anamaanisha nini? Inawezekana ni huu mji, au ni kazi yake aliyoanza upya mara mbili, au ni binti. Inawezekana pia, na nimeliona mara nyingi kwa wanandoa wanaohamahama, kwamba amechoka kusikia kuhusu kuhama baada ya mambo kuamuliwa, na angekuwa tayari hata kwenda ng'ambo kama angeitwa mezani tangu mwanzo. Sijui ni lipi. Wewe pia hujui, na wiki sita zinatosha kulijua. Mtoto naye ameuliza swali la maana sana na bado anangoja jibu. Mwambie ukweli kwamba hujui bado. Mtoto wa miaka tisa analiweza hilo kuliko mama aliyejifanya hakusikia.

Nirudi kwa profesa wako, kwa sababu yeye yumo kwenye kila aya ya barua yako hata pale usipomtaja. "Wewe utaiona." Ulilipokea kama deni. Mimi nikisoma nasikia baraka ya mzee anayestaafu na kumkabidhi mtu anayempenda kitu kizuri alichonacho. Deni hulipwa na kuna siku ya kulilipa. Baraka mtu anakwenda nayo popote, hata hospitalini. Sina njia ya kujua alikuwa na lipi moyoni. Wewe uliyemjua, jaribu kuyasikia tena maneno yale kwa sauti yake mwenyewe, nje ya uchovu ulio nao sasa, uone yanasemaje.

Kuna jambo moja bado, na nilitaka kulisema tangu nilipofika katikati ya barua yako. Yale madaftari manne.

Umeyataja kwa haraka, kati ya mabegi na mama mkwe. Lakini nimejaribu kufikiri kama mwalimu. Kama dirisha lilikuwa likishika utando, basi mwanga uliosomwa mwaka mmoja si sawa na uliosomwa mwaka mwingine, na kuna vipimo vya miaka vilivyokaa kwenye kompyuta za taasisi ambavyo bila madaftari yako haviwezi kusomwa sawasawa. Mashine imezimwa, lakini vipimo vyake vipo, na watu wataendelea kuvitumia kujaribu nadharia na programu zao kwa miaka mingi. Je, kuna mtu mwingine anayejua dirisha lile lilipoteza mwanga kiasi gani msimu wa nne? Nilivyokuelewa, hakuna.

Na nikuulize jingine. Kwenye ITER, moja ya mambo yanayowasumbua wapimaji ni vile vioo vya kuakisi vitakavyotazama plazma kwa karibu, kwa sababu navyo vitashika utando, na hakuna atakayeweza kuingia kuvifuta. Kampuni yenye tokamaki ndogo na kali itakutana na shida ya jamii hiyo hiyo. Wewe una rekodi ya dirisha halisi, msimu baada ya msimu, kwenye mashine halisi. Sijui kama inatosha kuandikia makala. Unajua wewe.

Ningekuwa jirani yako ningekuja kugonga mlango usiku huu kwa ajili ya hilo tu. Wasiliana na hao wa kampuni na hao wa taasisi, uwaombe tarehe ya kuanza isogezwe miezi mitatu. Wakati huo huo iombe maabara yako ikupe miezi hiyo hiyo, hata kwa malipo kidogo, uyageuze madaftari kuwa kitu ambacho mgeni anaweza kukisoma. Namna kila upande utakavyolipokea ombi hilo ni kipimo pia. Hata kama wote watakataa, anza na daftari la kwanza. Huenda ukikaa nalo utajua kama mkono wako bado unaitaka kazi hii, au kama unachotaka ni kuifunga vizuri tu na kuondoka. Mimi siwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Kesho asubuhi ukifika ofisini, kabla hujafungua barua pepe, yatoe kando ya kasha uyatie kwenye begi lako. Watu wa usafi hawajui ni nini.

Niandikie tena, hata kama hujaamua.

Shangazi